Kombe, Mizizi na Mgonjwa wa Jozani

Kabla ya mwaka 2004, msitu wa Jozani, Unguja, ulipotangazwa Hifadhi ya Taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka, msitu ule ulikuwa pia duka la dawa la vijiji vya Pete, Kitogani na Charawe. Mganga aliingia akachimba mizizi na kubandua magome. Mgonjwa akizidi kuwa mahututi, mwalimu wa chuoni naye aliitwa kuandika kombe: sahani nyeupe, wino wa zafarani, aya za Qur'ani, kisha marashi ya kuyasuuza maandishi mpaka yawe maji ya manjano, mgonjwa anywe. Wapo wanaoona hapo watu walijidanganya. Mimi naona kombe ni ombi, wala si ahadi, na ushahidi uko pale pale kitandani: hali ilipogeuka kuwa sakarati, walioleta kombe ndio waliokaa kumsomea Yasini, kumlakinia shahada na kumtonea maji midomoni. Tumaini halikufa, lilihama tu, kutoka kuomba afya hadi kuomba mwisho mwema, na watu hawakuondoka.

Watasema tumaini hilo limewachelewesha wengi kufika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Kweli, na kwa saratani kuchelewa kunaua. Lakini kipindupindu kilipoipiga Unguja mwaka 1869, Dk. James Christie, aliyekuwapo mjini na baadaye akakiandikia kitabu, naye hakuwa na tiba ya kukiponya. Kifua kikuu nacho hakikuwa na dawa ya uhakika popote duniani kabla ya streptomaisini kugunduliwa mwaka 1943. Zama zote hizo, kuuguza ndiko kulikokuwa tiba kubwa. Tumaini linaloua ni lile linaloahidi. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, wanywe kikombe cha Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, wakiamini kinaponya ukimwi na kisukari. Wapo walioacha vidonge vyao, na wapo waliofia foleni. Majina yanakaribiana, kombe na kikombe, ila mnywaji wa kombe aliambiwa tangu mwanzo kwamba mponyaji ni Mola, na halikumzuia kunywa dawa nyingine.

Kwa hiyo daktari akikuta chupa ya kombe chini ya kitanda cha mgonjwa wa saratani, asiimwage. Amuulize kwanza kama dawa ya maumivu ameshakunywa.