Sheli Ikifungwa: Hoja ya Kupima Udongo na Maji Kabla Kiwanja Hakijabadilishwa Matumizi

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma imezipa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania biashara ya mafuta kwa zaidi ya nusu karne. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalipitishwa kwa malori Iringa na Mbeya, hadi bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Malori hayakukoma, na vituo vya mafuta, maarufu kama sheli, vimefunguliwa na kufungwa kadiri biashara ilivyohama. Sheli ikifungwa, pampu hung'olewa na uwanja hugeuka gereji, sehemu ya kuoshea magari au safu ya fremu za maduka. Makala hii inatetea hoja moja: kiwanja hicho kisipewe matumizi mapya kabla udongo na maji yaliyo chini yake hayajapimwa, na upimaji ufuate mwamba na mvua za mahali husika.

Sababu ya kwanza ni kwamba pua na ulimi havitulindi. Petroli ina benzini, kemikali iliyothibitishwa kusababisha saratani ya damu. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 hubeba takriban gramu 7 za kemikali hiyo, kiasi kinachotosha kufikisha lita 700,000 za maji kwenye ukomo huo. Harufu ya benzini majini huanza kusikika karibu na miligramu 10 kwa lita, yaani mara 1,000 ya ukomo. Familia inaweza kunywa maji ya kisima kwa miaka bila kushuku lolote. Kwa sheli za zamani kuna pia madini ya risasi, yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli hadi yalipoondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006.

Sababu ya pili ni jiolojia. Ardhi ya Mbeya na Rungwe ina matabaka ya majivu na pumisi ya volkano, ambayo maji na mafuta huweza kupenya kwa urahisi hadi yakutane na tabaka la mfinyanzi na kutambaa pembeni. Iringa imekaa juu ya granaiti na naisi. Juu kuna udongo uliotokana na kuoza kwa mwamba. Chini yake maji hupita kwenye nyufa, na nyufa hazifuati mteremko unaoonekana kwa macho. Kwa hiyo kisima kilicho upande wa juu wa sheli si lazima kiwe salama.

Mvua nazo zina kauli yake. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Maji ya ardhini yakipanda na kushuka, petroli inayoelea juu yake hupanda na kushuka pia, ikiacha mabaki kwenye udongo. Sampuli ya Oktoba peke yake haiwezi kusema ukweli wa Aprili. Upimaji wa msimu mmoja ni nusu ya upimaji.

Kazi yenyewe huanza kwenye kumbukumbu: ramani ya matangi, hesabu za mafuta yaliyopokelewa na kuuzwa, maelezo ya waliokuwa wakihudumia pampu. Kisha udongo huchimbwa kwenye midomo ya kujazia, kwenye maungio ya mabomba na kando ya matangi, mahali ambapo uvujaji huanzia. Udongo uliochafuka mara nyingi hutoka na rangi ya kijivu iliyokolea. Hutiwa haraka kwenye chupa ya kioo, ukijazwa hadi mdomoni na kuwekwa kwenye baridi. Nafasi ya hewa ikibaki, benzini hupanda humo na maabara hutoa majibu yanayofariji bila haki. Visima vitatu vya uchunguzi, visivyo kwenye mstari mmoja, ndivyo vya chini kabisa vya kukadiria maji yanaelekea wapi.

Wapo watakaosema gharama hizi zitawaelemea wamiliki wadogo, na kwamba bakteria wa udongo hula mafuta. Ni kweli bakteria hula, lakini huhitaji muda na oksijeni, na ni vipimo tu vinavyothibitisha kwamba wamemaliza. Gharama nazo hupungua kazi ikienda kwa hatua: palipo safi, huishia hatua ya kwanza. Kutochunguza mapema nako kuna gharama: mwaka 2015, huko Thange, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, uvujaji wa bomba la mafuta ulichafua mto na visima, na wanakijiji ndio waliobeba mzigo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtaka mwenye mradi kukarabati eneo kwa gharama zake kabla ya kufunga. Kinachohitajika ni kuiunganisha amri hiyo na kibali cha halmashauri cha kubadilisha matumizi ya ardhi. Ripoti ya vipimo vya misimu miwili ipitiwe na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na bodi ya maji ya bonde husika, kama ile ya Rufiji iliyo Iringa au ya Ziwa Rukwa iliyo Mbeya, ndipo kibali kitoke. Aliyepata faida ya mafuta alipe gharama ya kuthibitisha kwamba jirani yake anakunywa maji salama.