Isiyoneneka Si Isiyoelezeka

Mtafsiri wa Kiswahili akikutana na neno la Kiingereza ineffable, huandika "isiyoelezeka". Akikutana na inexplicable, huandika lile lile. Indescribable nalo halipati jingine, na unfathomable likimkuta amechoka hutupwa humo humo. Neno moja limebebeshwa mizigo ya manne, na wasomaji hawalalamiki kwa kuwa mizigo yenyewe kwa mbali inafanana: yote yahusu jambo lililomshinda mtu. Swali ni limemshinda wapi: mdomoni, au akilini? Kiingereza hutenga milango hii miwili, na Kiswahili kina vitenzi vya kuitenga vizuri zaidi, ila hatuvitumii.

Tuanze na ineffable. Asili yake ni Kilatini ineffabilis: kikanushi in-, kiambishi ex- chenye maana ya "nje", kitenzi fari, na tamati ya kuwezekana -bilis. Fari hakikuwa kitenzi cha maongezi ya sokoni; kilikuwa cha kale na cha heshima, na watoto wake wanaonyesha uzito wake. Fatum, yaani ajali au majaliwa, ni "lililonenwa". Infans, mtoto mchanga, ni "asiyenena". Nasi tunacho kitenzi cha aina hiyo hiyo. Kunena si kusema tu. Ni kusema kwa uzito, na ndicho kilichozaa jina "neno". Basi "isiyoneneka" ni ile isiyokubali kuwa neno. Hapo hapajatajwa akili hata kidogo. Mtu anaweza kuwa anaijua barabara, akakosa tu pa kuipitishia.

Tofauti hii ina matokeo makubwa. Mwaka 1902 William James, katika kitabu chake juu ya aina za tajriba za kidini, alitaja alama nne za hali za kimafumbo, na mbili za kwanza akazihesabu kuwa zinatosha kuitambulisha hali hiyo. Ya kwanza ni kutoneneka. Ya pili ni kwamba hali hiyo humpa mhusika ujuzi: anatoka akiwa na hakika ya jambo ambalo hakulijua kabla. Sasa tafsiri alama ya kwanza kwa "isiyoeleweka", kama wafanyavyo baadhi, na James atakuwa amejipinga ndani ya ukurasa mmoja: vipi jambo lisiloeleweka liwe limemfunulia mtu ujuzi? Hata "isiyoelezeka" haimwokoi, kwa sababu kueleza kwetu kuna sura mbili, kutoa kilichomo moyoni na kutoa sababu ya jambo. Msomaji atachukua ya pili, naye James alikusudia ya kwanza.

"Isiyoelezeka" ina kazi yake halali, nayo ni inexplicable. Kilatini kilichukua picha ya nguo: explicare ni kukunjua kilichokunjwa. Sisi tumechukua picha ya bahari. Jambo likikuelea limekuwa wazi kwako, na kueleza ni kulifanya lielee, litoke kilindini lionekane juu. Tukio lisiloelezeka laweza kusimuliwa kutwa nzima na kila aliyekuwapo. Kinachokosekana ni sababu yake. Unfathomable nalo limetoka baharini, ila upande wa kina: fathom ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, futi 6, yaani pima ya mabaharia wetu wanaotia bildi. "Isiyopimika" basi inalitosha bila kulazimishwa. Inscrutable sitalikalia sana. Kitenzi chake cha Kilatini, scrutari, huhusishwa na kupekuapekua takataka, na kuku yeyote wa uani angekubali "isiyopekulika".

Atakuja mwenye kusema kwamba hivi si vivumishi bali ni vitenzi virejeshi virefu, na kwamba istilahi hutakiwa iwe fupi. Lakini ineffabilis nayo ni vipande vinne vilivyounganishwa. Tofauti ni kwamba mishono yake imefifia na yetu bado inaonekana, jambo ambalo kwa msomaji ni faida. Pingamizi zito zaidi ni kwamba nena limezeeka, na katika mazungumzo ya kila siku "isiyoelezeka" inaeleweka vya kutosha. Ni kweli, na katika barua ya mapenzi iachwe ilivyo. Matini ya falsafa au ya dini haina nafasi hiyo, na uzee wa nena ndio hasa unaolifaa, maana fari nalo lilikuwa la kale kwa Warumi wenyewe.

Gumu kuliko yote ni unspeakable, kwa sababu limehama. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611 ni sifa ya zawadi ya Mungu; katika magazeti ya leo ni sifa ya ukatili na unajisi. Kitenzi kimoja hakiwezi kuzifuata zama zote mbili. Kwa maana ya leo ninapendekeza "isiyotajika", kwa kuwa kinachozuia si upungufu wa maneno bali ni haya: jina lipo, ulimi ndio unaokataa. Kwa matini ya 1611 turudi kwenye "isiyoneneka". Mtafsiri akivibadilishana hivi viwili, zawadi ya Mungu itasomeka kama matusi.