Kinu cha Wanakijiji wa Agia Paraskevi

Mgeni anayefika Lesvos, kisiwa cha Ugiriki kinachotazamana na pwani ya Uturuki, huoneshwa kwanza mizeituni. Ipo kwa mamilioni, imefunika vilima hadi ukingoni mwa bahari, na ni rahisi kuamini kwamba miti hiyo ndiyo iliyojenga vijiji vya kisiwa tangu enzi za kale. Historia inaonesha vingine. Kijiji cha mafuta hunyanyuka au hudidimia kufuatana na nani anayemiliki kinu, na ushahidi wa jambo hili umesimama hadi leo Agia Paraskevi, kijiji kilichojitenga na bahari, ndani ya kisiwa hicho.

Tuanze na miti yenyewe. Baridi kali ya mwaka 1850 iliangamiza sehemu kubwa ya mizeituni ya Lesvos, kwa hiyo mashamba mengi yanayosifiwa kwa ukongwe yalipandwa au kuchipua upya baada ya hapo. Neema iliyoonekana mwishoni mwa karne ya 19 ililetwa na vinu vya mvuke. Awali jiwe la kusagia lilizungushwa na mnyama, kisha rojo likatiwa katika mifuko ya singa za mbuzi na kukamuliwa kwa nguvu za mikono. Kazi ilikwenda polepole, na zeituni haina subira: ikishavunwa na kurundikwa huanza kuchacha, asidi ikapanda, na mafuta yakafaa sabuni kuliko chakula. Mkulima ambaye rundo lake linaharibika hana ubavu wa kubishana juu ya ujira. Mwenye kinu hujikatia fungu lake la mafuta apendavyo. Aristotle, aliyewahi kuishi Lesvos, alilifahamu hilo. Anasimulia jinsi mwanafalsafa Thales alivyoweka arubuni wakati wa kipupwe kwa vinu vyote vya Miletus na Chios, kisha mavuno yalipowadia akavikodisha kwa bei aliyoitaka. Thales hakuhitaji kumiliki hata mzeituni mmoja.

Vinu vingi vya mvuke kisiwani vilikuwa mali ya familia tajiri. Kile cha Papados, kwa mfano, kilikuwa cha ukoo wa Vranas, alikotoka mama yake mshairi Odysseas Elytis. Agia Paraskevi ilichukua njia nyingine. Mwaka 1910 na 1911, kisiwa kikiwa bado chini ya dola ya Osmani, wanakijiji walijenga kinu chao wenyewe: boila, dohani ndefu, mawe na mashinikizo yaliyoendeshwa kwa injini, na pembezoni mwa ua vyumba vidogo ambamo kila mkulima aliweka zeituni zake akisubiri zamu. Hata mashudu hayakutupwa; yalikuwa kuni za boila. Mapato yalisaidia kazi za umma, shule zikiwemo.

Wapo watakaosema kwamba usawa huo ulikuwa wa juujuu, kwani mwenye shamba kubwa ndiye aliyefaidi zaidi, huku wanawake waliookota zeituni chini ya miti wakibaki na ujira mdogo. Hoja hii ina uzito, na sina nia ya kuipuuza: kinu hakikugawa ardhi. Lakini kilibadilisha safari ya ujira wa kukamua. Fedha ambazo kwingine ziliishia katika sanduku la familia moja, hapa zilirudi kwa jumuiya. Wengine watadai kwamba soko ndilo lililotawala yote, yaani Smyrna, Istanbul na bandari za Bahari Nyeusi. Ni kweli kwamba mafuta na sabuni za Lesvos ziliuzwa huko, na kwamba vita vya Ugiriki na Uturuki vilivyoisha 1922, pamoja na mabadilishano ya watu kati ya nchi hizo mwaka 1923, viliukata mkono huo wa biashara. Hata hivyo soko lilipovunjika kinu hakikuvunjika nalo. Kiliendelea kukamua hadi miaka ya 1960, kwa sababu waliokihitaji ndio waliokuwa wenye mali.

Tangu mwaka 2006 jengo hilo ni makumbusho ya utengenezaji wa mafuta ya zeituni, na mitambo yake imekarabatiwa. Anayezuru Agia Paraskevi aanzie hapo, kabla ya kwenda kupiga picha mizeituni.