Hofu ya Watu: Kutoka Beseni la Mesmer Hadi Chumba cha Ushauri

Leo tunazungumzia maradhi yasiyo na homa wala kidonda, na mara nyingi mwenye kuyaugua hajui kwamba ni mgonjwa. Ni hofu ya watu. Sisemi ile haya tuliyofunzwa na wazazi wetu, kwani mtu mwenye haya ana heshima zake. Nasema juu ya mama anayeacha chama kwa sababu zamu yake ya kusoma hesabu imefika. Kijana anayeikosa kazi kwa kuwa hawezi kuingia chumba cha mahojiano. Mwanafunzi anayelijua jibu, lakini akisimamishwa tu, moyo unamwenda mbio, kinywa kinakauka, na lile jibu linapotea. Wengine huutafuta ujasiri kwenye chupa kabla ya kwenda harusini, na hapo maradhi mawili yanakaa nyumba moja.

Vijana huniuliza: Sista, hakuna mtu wa kunilaza usingizi, aniambie maneno fulani, niamke nikiwa jasiri? Wameiona hipnosi kwenye sinema, saa ikiyumbishwa mbele ya macho ya mtu hadi anasinzia. Swali lao lina umri wa zaidi ya miaka 200, kwa hivyo turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1778 daktari Franz Anton Mesmer alitoka Vienna akahamia Paris. Aliamini kwamba mwilini mna nguvu isiyoonekana, mfano wa sumaku, na kwamba ugonjwa ni nguvu hiyo kukwama. Wagonjwa wake walikaa kuzunguka beseni kubwa la mbao lenye maji na vumbi la chuma, wakishika vyuma vilivyochomoza humo, huku muziki ukipigwa. Wengine walilia, wengine walicheka, wengine walitupa mikono na miguu, kisha wakasema wamepona.

Mwaka wa 1784 Mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliunda tume ichunguze jambo hilo. Ndani yake alikuwamo Benjamin Franklin wa Marekani na mwanakemia Lavoisier. Jinsi walivyochunguza inanifurahisha hadi leo. Katika bustani ya Franklin, mfuasi wa Mesmer aitwaye d'Eslon aliutia mti mmoja hiyo sumaku yake. Mvulana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni, akaongozwa kutoka mti hadi mti. Alizirai kwenye mti ambao haukuwa umeguswa kabisa! Tume ikaamua kwamba sumaku haikuwepo. Kilichokuwepo ni mawazo ya mgonjwa mwenyewe.

Watu wengi wakadhani mambo yameishia hapo. Lakini hebu fikiri, msomaji wangu. Kama lile ambalo mtu analitarajia linaweza kumwangusha chini, basi si jambo dogo. Mtu mwenye hofu ya watu huanguka namna hiyo kila siku, kwenye miti ambayo haijaguswa. Anatarajia kuchekwa, na mwili wake unatetemeka kabla hata mtu mmoja hajacheka.

Baadaye, mwaka wa 1841, daktari mpasuaji Mskoti, James Braid, alitazama maonyesho ya namna hiyo mjini Manchester, Uingereza. Alikwenda akidhani ni ulaghai. Akaona jambo moja lililomshangaza: macho ya yule aliyelazwa hayakuweza kufunguka. Akarudi nyumbani, akawajaribu mkewe, rafiki yake na mtumishi wake kwa kuwaambia wakazie macho kitu kimoja. Wote wakazama katika hali ile ile, bila sumaku wala beseni. Katika kitabu chake cha 1843 aliiita hali hiyo kwa jina la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Baadaye alilijutia jina hilo, kwa sababu aligundua kwamba si usingizi. Ni akili kushikamana na wazo moja tu, mengine yote yakakaa kando. Kwa hivyo unayemwona kwenye sinema akitii kila amri, huyo ni mwigizaji. Katika hipnosi halisi mtu husikia, hujua alipo, na akitaka kukataa hukataa.

Madaktari wa Ufaransa waliendelea kuitumia. Sigmund Freud naye aliitumia kwa miaka michache, kisha akaiacha akabaki na kitanda na mazungumzo.

Na hofu ya watu yenyewe, nani aliyeipa jina? Mwaka wa 1903 Mfaransa Pierre Janet aliandika juu ya wagonjwa walioshindwa kuzungumza, kupiga piano au hata kuandika wakiwa wanatazamwa. Wakiwa peke yao walifanya vizuri tu. Alilitambua tatizo, lakini njia ya kulitibu ilianzia kwingine, kwa mtoto na sungura. Mwaka wa 1924 Mary Cover Jones wa Marekani aliandika habari za mtoto aliyemwita Peter, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu alipoanza kumtibu. Peter aliogopa sungura. Hakulazwa usingizi wala kuhubiriwa. Alipewa chakula anachokipenda, na sungura akawekwa mbali. Siku nyingine akasogezwa kidogo, kisha kidogo tena, hadi Peter akamgusa kwa mkono wake.

Sasa tuje katika bara letu. Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa daktari wa jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akitibu askari waliorudi na hofu zisizowatoka. Dawa za wakati huo hazikuwafaa vya kutosha. Baada ya vita, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg, alifanya majaribio na paka. Paka aliyepigwa na umeme ndani ya kizimba aligoma kula humo hata kwa njaa. Wolpe akamlisha katika chumba kisichofanana na kile cha mateso, kisha katika chumba kinachofanana nacho kidogo, hivyo hivyo hatua kwa hatua, mpaka paka akala mahali pale pale alipoumizwa. (Siwapendezwi na mateso ya wale paka, nakiri, lakini somo lao limewafaa watu wengi.)

Kwa binadamu Wolpe alitengeneza ngazi. Mgonjwa aliorodhesha hofu zake kuanzia ndogo hadi kubwa. Alifundishwa kulegeza misuli, kisha akaambiwa awaze kidato cha chini akiwa ametulia. Kikizoeleka, wanapanda cha pili. Na hapa ndipo hipnosi inaporudi, kwa kuwa Wolpe aliitumia kuwatuliza baadhi ya wagonjwa; wengine walitulia bila hiyo, nao wakapona vile vile. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1958. Mwaka wa 1966 Gordon Paul, huko Illinois, Marekani, aliijaribu ngazi hiyo kwa wanafunzi waliogopa kuhutubia. Baada ya vikao vitano tu, waliopitia ngazi walikuwa wametulia kuliko waliopewa mazungumzo ya kuchimba mambo ya zamani, na kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Mwaka wa 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu katika orodha yao rasmi. Hatua iliyofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwaka wa 1995 David Clark na Adrian Wells wa Uingereza walieleza kwa nini hofu haiishi, ingawa mgonjwa anakutana na watu kila siku. Walisema macho yake hayako kwa watu, yako kwake mwenyewe. Anajisikia akitetemeka, basi anaamini wote wanaona tetemeko hilo. Tena ana vijimbinu vya kujikinga: kukaa nyuma karibu na mlango, kubana mikono, kuangalia simu, kuikariri sentensi kabla ya kuitamka. Mambo hayo hayamwokoi. Yanamfanya aonekane mkali au mwenye kiburi, na watu wanamwepuka. Tiba yao ni hii: mgonjwa azungumze na mtu mara mbili, kwanza akitumia vijimbinu hivyo, kisha akiviacha na kumtazama anayezungumza naye. Halafu aonyeshwe video. Wengi hushangaa kuona kwamba yule anayetetemeka vibaya sana alikuwa ndani ya kichwa chao tu. Uchambuzi mkubwa wa majaribio 101, uliotolewa mwaka wa 2014, ulionyesha kwamba tiba ya fikra na tabia, mtu mmoja na mtaalamu wake, ndiyo yenye ushahidi bora zaidi kwa ugonjwa huu.

Je, hipnosi imekufa? La. Mwaka wa 1995 Irving Kirsch na wenzake walikusanya tafiti 18 za matatizo mbalimbali, wakaona kwamba tiba ya fikra na tabia ikiongezewa hipnosi huweza kufanya kazi vizuri zaidi. Ila angalia neno hilo, ikiongezewa. Mimi huwaambia watu kwamba hipnosi ni kiungo cha mboga. Huwezi kuketi ukala kiungo bila ugali. Anayekuahidi kuiondoa hofu yako yote kwa kikao kimoja, awe na ofisi au awe amebandika karatasi kwenye nguzo ya stima, anakuuzia beseni la Mesmer. Na kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usikubali hipnosi kabla ya kuonana na daktari wa akili.

Hapa Kenya, kwa miaka mingi msaada wa akili ulimaanisha Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka wa 1910, na nani angekwenda Mathari kwa sababu anaogopa kusimama mbele ya watu? Siku hizi kuna sheria ya mwaka wa 2014 inayotaka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe, kwa hivyo una haki ya kumwuliza mtu kama amesajiliwa. Muulize pia kama atakupa mazoezi ya kufanya nje ya chumba chake. Asipokuwa nayo, tafuta mwingine.

Wakati unasubiri, tengeneza ngazi yako. Kumsalimia mwenye duka ukimtazama usoni kunaweza kuwa kidato cha kwanza. Kuuliza bei ya kitu usichonunua, cha pili. Kuuliza swali moja kwenye mkutano wa shule, labda cha tano. Usiruke, na usishuke kwa sababu ya siku moja mbaya.

Najua foleni ya hospitali nayo ni watu. Ukifika kwenye dirisha na sauti ikakataa kutoka, andika shida yako kwenye karatasi umpe muuguzi, uombe kuonana na anayehusika na afya ya akili. Tunazipokea karatasi kama hizo, na hatuzisomi kwa sauti.