Umeng'oa Jino? Usikimbilie Kusukutua, Linda Kwanza Bonge la Damu

Wengi wakitoka kung'oa jino, wakifika tu nyumbani wanachemsha maji ya chumvi na kusukutua kwa nguvu ili "uchafu utoke". Nia ni nzuri, ila hapo ndipo shida huanzia. Siku ya kwanza kidonda hicho hakitaki kusafishwa, kinataka kuachwa kitulie.

Kwa nini bonge la damu ni muhimu?

Jino likitoka huacha shimo kwenye taya. Damu hujaa humo na kuganda. Bonge hilo ndiyo plasta ya mwili: huzuia damu isiendelee kutoka, hufunika mfupa na mishipa ya fahamu, na hapo ndipo nyama mpya huanza kuota.

Likitoka mapema, shimo hubaki kavu na mfupa wazi. Maumivu yaliyokuwa yakipungua hurudi kwa kasi, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne. Hupanda hadi sikioni, na mdomo hutoa harufu mbaya. Hali hii huwapata zaidi wavutaji sigara na waliong'oa magego ya chini, hasa lile la mwisho kabisa. Ikikupata, usihangaike na vidonge tu. Rudi kwa daktari wa meno asafishe shimo na kuweka dawa humo.

Saa 24 za kwanza

1. Ng'ata shashi uliyopewa kwa dakika 30 hadi 45, bila kuitoa kila mara kuchungulia. Damu ikiendelea, weka nyingine safi na ung'ate tena.

2. Usisukutue wala kutema mate kwa nguvu. Mate yenye rangi ya damu kidogo ni kawaida.

3. Usinywe kitu kwa mrija. Kule kufyonza kunaweza kuling'oa bonge.

4. Sigara, shisha, ugoro na pombe weka kando. Ukiweza, endelea hivyo kwa siku kadhaa.

5. Usile mpaka ganzi iishe, usije ukajing'ata ulimi au shavu. Baada ya hapo kula vitu laini visivyo vya moto: uji uliopoa, mtori, ndizi za kuponda. Tafunia upande wa pili.

Vipi kuhusu dawa?

Parasetamoli huwafaa wengi, kwa kipimo ulichoelekezwa. Aspirini usijiamulie mwenyewe, kwani hufanya damu ichelewe kuganda. Na usiisage ukaiweka kwenye shimo, itaunguza fizi. Kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, mwambie daktari kabla ya kung'oa, usiziache kimyakimya.

Kuanzia siku ya pili

Sasa maji ya chumvi yana kazi. Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, yazungushe mdomoni taratibu baada ya kula, kisha yaache yadondoke yenyewe. Meno mengine piga mswaki kama kawaida, ila usichokonoe shimo kwa ulimi, kidole wala kijiti.

Ukiona utando mweupe au wa njano ndani ya shimo, na maumivu yanazidi kupungua, usiogope. Mara nyingi hiyo ni nyama mpya inaota, siyo usaha. Fizi huanza kujifunga ndani ya wiki moja hadi mbili, lakini mfupa huchukua miezi kujaza pengo.

Usisubiri kesho

Nenda hospitali haraka kama damu haikomi hata baada ya kung'ata shashi kwa muda mrefu, una homa, mdomo haufunguki, au uvimbe unaongezeka baada ya siku ya tatu. Uvimbe ukishuka shingoni, au ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, hiyo ni dharura hata kama ni usiku wa manane.