Tufani ya Mwaka 1872 Unguja

Ewe mwanafunzi usomaye kurasa hizi huko Nyacheki, katika vilima vya Kisii, yamkini hujapata kuiona bahari. Mvua ya mawe waijua, na upepo uangushao migomba waujua. Lakini mgomba ukianguka, machipukizi yake huzaa baada ya muda si mrefu. Fuatana nami mpaka Unguja, uone jinsi upepo wa siku moja ulivyoigeuza nchi kwa miaka mingi.

Tufani kubwa za Bahari ya Hindi huzaliwa juu ya maji yenye joto, nazo huzungushwa na mwendo wa dunia yenyewe. Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni haba. Ndiyo sababu tufani nyingi hupita kusini, zikaelekea Madagaska na Msumbiji. Unguja iko digrii 6 tu kusini ya Ikweta, kwa hiyo si rahisi kufikiwa.

Lakini tarehe 15 Aprili 1872 ilifikiwa. Upepo wa namna hii huisukuma bahari kuelekea nchi kavu, na kwa kuwa kanieneo ya hewa katikati ya tufani ni ndogo, maji nayo huinuka. Majahazi yaliyotia nanga mbele ya mji, pamoja na meli za Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870, yalizamishwa au kutupwa pwani. Mashambani, sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'olewa.

Hasara ya mashamba ndiyo iliyodumu. Tangu zama za Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, utajiri wa Unguja ulikuwa umeegemea karafuu. Tena mkarafuu si mgomba; aupandaye hungoja miaka ipatayo saba kabla ya kuvuna vema. Kisiwa cha Pemba kilisalimika kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ilipopanda, wenye mashamba wa Pemba wakapanda mikarafuu kwa wingi, na tangu hapo kisiwa hicho ndicho kitoacho karafuu nyingi zaidi.

Je, nani aliyezichuma? Walikuwa watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alikubali mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa likafungwa. Hata hivyo mashamba mapya yalihitaji mikono, na majahazi yakaendelea kuvusha watu Pemba kwa siri. Sheria haikuacha kuutambua utumwa visiwani mpaka mwaka 1897. Hivyo mtu wa bara, asiyepata kuiona bahari kama wewe, aliweza kutekwa na kupelekwa Pemba kwa sababu miti ilianguka Unguja.

Tufani nyingine ilipiga Lindi mwaka 1952, na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Basi, msomaji, usikiapo habari za namna hiyo, usihesabu tu nyumba zilizobomoka na vyombo vilivyozama. Uliza pia ni nani atakayebebeshwa mzigo wa kurudisha kilichopotea. Kwani upepo hutulia kwa siku moja, bali mzigo huo waweza kumwangukia mtu aliye mbali, ambaye hata mvumo wake hakuusikia.