Kengele ya Hatari: Jinsi Ilivyopatikana, na Mafunzo Yake kwa Mafundi Wapya

Wasikilizaji, wazee wetu walinena ya kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika maneno hayo machache imo habari yote ya kazi tutakayoieleza. Mbiu hailii bure. Ikilia, watu huacha majembe yao na kukusanyika. Walakini mbiu yataka mtu wa kuipiga, na mtu huyo yampasa awe macho, aone hatari mapema, na pumzi yake ifike masikioni mwa wote. Haja hiyo ndiyo iliyowasumbua mafundi wa nchi mbalimbali muda wa miaka zaidi ya 170, hata wakapata kengele iwezayo kulia yenyewe. Twapenda kuwasimulia vijana wanaoanza kujifunza kazi ya kengele za moto na za wezi jinsi vyombo hivyo vilivyopatikana, maana sehemu zake nyingi zilizaliwa kwa sababu, na mara nyingi sababu yenyewe ilikuwa msiba.

Hapo kale mlinzi alikuwa ni mtu tu. Katika mwaka wa 6 baada ya kuzaliwa Kristo, Kaisari Augusto aliweka katika mji wa Rumi vikosi 7 vya walinzi wa usiku. Watu hao walizunguka mitaani na ndoo zao, wakiuangalia moto na wezi pamoja. Tazameni ya kuwa tangu zamani hizo kazi mbili hizi zilikuwa ndugu, kama zilivyo ndugu leo. Miji mingine baadaye iliweka walinzi juu ya minara, na moto ulipoonekana kengele za makanisa zilipigwa. Lakini kengele ya kanisa husema neno moja tu: “Kuna moto.” Haisemi uko wapi. Watu wakatoka mbio na maji, huyu kaskazini na huyu kusini, na nyumba ikateketea.

Mtu aliyeitafutia dawa taabu hiyo alikuwa tabibu wa mji wa Boston katika Marekani, William Channing. Alipoiona simu ya waya ikipeleka habari mbali kwa nguvu za umeme, aliwaza ya kwamba waya huohuo waweza kupeleka habari za moto. Akashirikiana na fundi Moses Farmer, na katika mwezi wa Aprili, mwaka 1852, mji wa Boston ukaanza kutumia kengele ya moto ya simu, ambayo ndiyo ya kwanza ya namna yake kuhudumia mji mzima. Masanduku ya chuma yaliwekwa mitaani. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na gurudumu lenye meno, na mtu alipozungusha mkono wake, meno yale yaliufunga na kuufungua mwendo wa umeme kwa hesabu maalumu. Hesabu hiyo ilikuwa ndiyo namba ya sanduku. Msimamizi katika chumba kikuu aliipokea, akajua mtaa, akazipigisha kengele za mji. Basi kwa mara ya kwanza kengele ilisema mambo mawili: kuna moto, na uko mahali fulani.

Mwaka uliofuata, yaani 1853, mtu wa jimbo hilohilo la Massachusetts, jina lake Augustus Pope, alipata hati ya kuvumbua kengele ya wezi. Mlango au dirisha lilipofunguliwa, vipande viwili vya madini viligusana, umeme ukapita, sumaku ikavuta nyundo, kengele ikalia. Edwin Holmes aliinunua haki hiyo mwaka 1857, akaifanya biashara kubwa katika mji wa New York. Baadaye nyaya za nyumba nyingi ziliunganishwa na chumba kimoja, ambamo walinzi walikesha kwa niaba ya wenye mali waliolala.

Hapa fundi mpya na asimame kidogo. Ikiwa umeme hupita wakati wa hatari tu, mwizi mwerevu afanyeje? Ataukata waya kwanza, ndipo afungue mlango. Kengele itanyamaza, na mwenye nyumba atadhani yu salama. Kwa hiyo mafundi waliugeuza mpango huo. Waliuacha umeme upite mchana na usiku bila kukoma, ukiishika sumaku, na sumaku ikiushika ulimi wa kengele usilie. Mlango ukifunguliwa, au waya ukikatwa, au betri ikifa, sumaku huuachilia ulimi, na kengele hulia. Hata leo mitambo mingi huufuata msingi huo. Katika njia nyingi za waya huwekwa kizuizi kidogo cha umeme mwishoni kabisa, ili chombo kikuu kipime daima kama njia yote ni nzima. Shikeni neno hili: kengele njema hutangaza hatari ya nyumba, tena hutangaza na ugonjwa wake yenyewe.

Lakini vyombo peke yake haviokoi watu. Usiku wa tarehe 8 Oktoba, 1871, moto ulizuka katika banda moja la mji wa Chicago. Mlinzi wa mnara wa mahakama aliuona, akaagiza namba ya sanduku ipigwe. Ila alikosea kuukadiria umbali, na namba aliyoitaja ilikuwa ya mahali kama maili moja kupita pale. Alipotambua kosa alitaka namba nyingine ipigwe, naye msimamizi wa simu akakataa, akiogopa kuwachanganya wazima moto. Watu hao nao walikuwa wamechoka kwa moto mkubwa wa usiku uliotangulia. Dakika zikapotea, na upepo ulikuwa mkali. Mji uliwaka hata tarehe 10; watu kama 300 walikufa, na wengine kama 100,000 wakakosa makao. Hatusemi ya kwamba namba ile peke yake ndiyo iliyouchoma mji, kwa maana ukame, upepo na nyumba za mbao vilikuwa na sehemu yao. Lakini twajifunza ya kuwa habari ya mahali ikiwa ya uongo, kengele yaweza kumpeleka msaidizi mbali na mwenye shida.

Mwaka mmoja baadaye zamu ilikuwa ya Boston yenyewe, mji uliovumbua chombo hiki. Jioni ya tarehe 9 Novemba, 1872, jengo moja la biashara lilishika moto. Masanduku ya kengele yalikuwapo, lakini yalifungwa kwa kufuli ili watu wa mzaha wasiyachezee, na ufunguo ulikuwa kwa polisi na watu wachache. Kabla habari haijapelekwa, moto ulikuwa umekwisha panda juu ya jengo. Farasi wa kukokota mashine za maji walikuwa wagonjwa siku zile, ikawa wanadamu kuzivuta kwa mikono. Majengo 776 yaliteketea. Kufuli iliyowekwa kwa kuogopa kelele za uongo iliizuia sauti ya kweli.

Msiba wa tatu ndio unaotuuma zaidi. Tarehe 25 Machi, 1911, mjini New York, kiwanda cha kushona nguo cha Triangle kilishika moto saa ya kufunga kazi. Kiwanda kilikuwa katika orofa ya 8, ya 9 na ya 10. Moto ulianza orofa ya 8. Mtu mmoja wa huko alipiga simu orofa ya 10, kwenye ofisi za wakubwa, na karibu wote waliokuwa huko walipanda darini wakaokoka. Orofa ya 9 haikupata habari. Hapakuwa na kengele ya kuwaonya wafanya kazi waliokuwa katikati. Moto wenyewe ndio uliowapasha habari, nao walipokimbilia mlango mmoja waliukuta umefungwa. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Baadaye jimbo la New York lilitunga sheria nyingi za usalama wa viwanda. Lakini sheria haimfufui aliyekufa.

Baada ya hayo, wataalamu walizidi kutafuta mlinzi asiyesinzia. George Darby wa Birmingham, Uingereza, alipata hati mwaka 1902 kwa chombo cha umeme kitambuacho joto. Katika miaka ya 1930 Walter Jaeger wa Uswisi alikuwa akitafuta chombo cha kutambua hewa ya sumu. Husimuliwa ya kwamba chombo hakikuijali sumu, ila alipowasha sigara akaona mshale wa kipimo umecheza kwa moshi. Mwenziwe Ernst Meili akaiendeleza kazi hiyo, na kuanzia miaka ya 1960 vyombo vidogo vya betri vilianza kutengenezwa kwa nyumba za watu. Namna moja huwa na chembe ya madini yenye mionzi, iifanyayo hewa ipitishe umeme kidogo. Moshi ukiingia, umeme hupungua na kengele hulia. Namna ya pili huwa na mwanga na jicho lisilouona. Moshi ukiingia huutawanya mwanga hata jicho likauona. Ya kwanza huwahi zaidi moto wenye ndimi; ya pili huwahi zaidi moto unaofukuta. Kwa hiyo fundi hana budi kuuliza kwanza, “Ni moto gani unaotazamiwa hapa?” kabla ya kuchukua ngazi na bisibisi.

Basi, ninyi mnaoanza kazi hii, kila mfungapo kengele jiulizeni maswali manne. Je, itaiona hatari mapema? Je, itasema kweli mahali ilipo? Je, watu wote wataisikia, hata walio katika orofa ya katikati, na aliyelala, na asiye mkubwa wa ofisi? Na waya ukikatwa au betri ikifa, je, itatuambia? Chicago hawakujibu vema swali la pili. New York hawakujibu la tatu. Tena msiifunge kufuli sauti yake kwa kuchoshwa na kelele za uongo, kama Boston walivyofanya. Tafuteni sababu ya kelele hizo, mkaiondoe.

Mwisho, msiandike katika kitabu cha ukaguzi ya kwamba kengele imejaribiwa, ikiwa hamkuijaribu. Mwenye nyumba hajui habari za sumaku wala nyaya. Yeye huitazama taa ndogo ya kijani ukutani, akazima taa yake, akalala na watoto wake. Usingizi ule ameuweka amana mikononi mwenu.